Mathias Mnyampala: Mtunzi wa Jukwaa kwa Lugha ya Pili

Utangulizi

Ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Mombasa kuelekea Nairobi, ukiisha kuipita Mariakani, utafika Samburu. Hii si Samburu ya kaskazini mwa Kenya ambayo wengi huijua kwa wanyamapori wake. Ni Samburu ya Kwale, nchi ya Waduruma, penye ardhi kame, mifugo, na mvua ya kungojewa. Ukitoka hapo ukateremka kusini hadi Diani, Msambweni, Shimoni na Vanga, ungali katika kaunti ile ile moja, lakini masikio yako yatakuwa yamesikia Kiduruma, kisha Kidigo, kisha Kichifundi na Kivumba, ambazo ni lahaja za Kiswahili chenyewe. Kwale basi ina watu waliozaliwa ndani ya Kiswahili, na ina watu waliokikuta mlangoni mwa darasa.

Mwandishi wa makala haya ni wa kundi la pili. Alipoandika mswada wake wa kwanza wa filamu fupi, akauwasilisha kwa matumaini makubwa, mswada ulirudi na maoni mafupi kwamba mazungumzo ya wahusika wake yananuka lugha ya mama. Maoni hayo hayakuwa ya uongo. Hata hivyo, yalizua swali ambalo wanafunzi wengi wa Kiswahili, hasa sisi tuliotoka bara au pembezoni mwa pwani, hulibeba kimyakimya: je, mtu aweza kuwapa wahusika ulimi ambao yeye mwenyewe aliuazima?

Swali hili si geni. Kabla ya sisi kuzaliwa, lilijibiwa kwa matendo na mtu mmoja aliyezaliwa mbali na bahari, katika nchi ya Wagogo. Huyo ni Mathias Eugen Mnyampala, ambaye wengi wetu tunamjua kwa neno moja tu, ngonjera. Makala haya yanakusudia kusimulia maisha yake kwa ufupi, na kuonyesha jinsi mtunzi wa lugha ya pili alivyoupa ushairi wa Kiswahili njia mpya ya kupanda jukwaani.

Kuzaliwa na Malezi

Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, karibu na Dodoma, katikati ya nchi inayoitwa Tanzania hivi leo. Mwaka huo haukuwa wa heri kwa Wagogo. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita katika ardhi yao. Waingereza waliutwaa mji wa Dodoma kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosekana. Likafuata baa la njaa ambalo Wagogo waliliita Mtunya, lililodumu kuanzia 1917 hadi 1920, likaua watu wengi na kuwatawanya wengine. Mnyampala ni mtoto wa njaa hiyo. Msomaji wa kwetu Samburu, anayejua maana ya kiangazi kirefu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Lugha ya nyumbani ilikuwa Kigogo. Kiswahili kilikuwa kimefika Ugogo zamani, kwanza kwa misafara ya biashara iliyokatiza nchi hiyo kati ya pwani na Tabora, na watemi wa Kigogo wakaitoza hongo. Baadaye kilikuja na utawala wa Wajerumani, na reli ya kati, na shule. Hakikuwa lugha ya hadithi za jioni. Kilikuwa lugha ya safari, ya kodi, ya baraza na ya kitabu. Mnyampala alikipata hasa kwa njia ya kitabu, katika elimu ya misheni ya Kikatoliki, dini ambayo aliishika maisha yake yote.

Ikumbukwe kwamba Kigogo na Kiswahili ni ndugu, kama vile Kiduruma na Kiswahili walivyo ndugu. Mgogo humwita Muumba Mulungu; Mduruma naye humwita Mulungu; Mswahili humwita Mungu. Undugu wa namna hii una neema na hatari. Neema yake ni kwamba mwanafunzi huanza njiani, si mwanzoni. Hatari yake ni kwamba hajui ni wapi hasa lugha yake inapokoma na ile nyingine inapoanza. Mgeni kabisa hukosea waziwazi akasahihishwa. Ndugu hukosea kidogokidogo, na kosa lake huitwa harufu.

Karani, Liwali na Hakimu

Katika utu uzima wake Mnyampala alishika kazi mbalimbali. Alikuwa mwalimu, akawa karani wa serikali, akapanda akawa liwali, na hatimaye hakimu. Kazi hizi zinafaa kutazamwa kwa makini na yeyote anayetaka kuelewa utunzi wake. Karani au hakimu wa Tanganyika ya wakati huo alisikia malalamiko ya watu kwa lugha zao, kisha akaandika kumbukumbu kwa Kiswahili. Mlalamishi husema, mlalamikiwa hujibu, shahidi huongeza, na mwandishi huamua ni neno gani la Kiswahili litakalobeba uzito wa neno lililosemwa. Hakuna shule bora kuliko hiyo kwa mtu atakayekuja kuandika mabishano ya wahusika wawili mbele ya hadhira.

Kazi yake mashuhuri ya nathari ni ya mwaka 1954, nayo ni Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Ilitolewa na Shirika la Maandishi la Afrika Mashariki, ambalo makao yake makuu yalikuwa Nairobi. Hapa pana jambo la kutafakari. Historia ya Wagogo, yaani koo zao, watemi wao, njaa zao na matambiko yao, iliandikwa na Mgogo kwa lugha isiyokuwa Kigogo. Wako watakaoona hilo kuwa hasara. Hata hivyo, kwa kuiandika kwa Kiswahili, Mnyampala aliwawezesha Wachaga, Wanyamwezi na Wazaramo kuwasoma Wagogo bila mkalimani. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mwaka 1995, kitabu hicho kilitolewa pia kwa Kiingereza, kikaingia katika maktaba za vyuo vikuu vya ng'ambo.

Kujifunza Mizani

Ushairi wa Kiswahili ulikuwa na wenyewe. Ulikuwa mali ya pwani: Lamu, Pate, Mombasa, Tanga, Unguja. Ulikuwa pia umelelewa katika Uislamu, na tenzi zake za kale zilisimulia Mtume na maswahaba. Mnyampala hakuwa mtu wa pwani wala Mwislamu. Alikuwa mgeni mara mbili.

Mambo mawili yalimfungulia mlango yeye na wengine wa kizazi chake. La kwanza ni magazeti. Mambo Leo, lililoanza kutolewa mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na humo watunzi wa bara na pwani walisalimiana, wakaulizana mafumbo na kushindana. Ukurasa wa gazeti haukuuliza mtunzi amezaliwa wapi. Uliuliza kama shairi lake limetimiza kanuni. La pili ni kuandikwa kwa kanuni zenyewe. Mwaka 1954 Shehe Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, naye akiwa mtu wa bara, alitoa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi pamoja na diwani yake. Kilichokuwa kikirithiwa kwa sikio sasa kikawa kinaweza kusomwa.

Tusidharau umuhimu wa jambo hili. Mizani huhesabika. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao; utenzi una mizani nane katika kila mshororo. Mtu anayeogopa kwamba sikio lake litamdanganya anaweza kuhesabu kwa vidole. Anajua kwamba neno mtu lina mizani mbili, ingawa herufi ya kwanza haina irabu. Anajua kina chake cha kati na cha mwisho. Kanuni ambazo baadaye vijana walizilalamikia kuwa ni pingu, kwa mtunzi wa lugha ya pili zilikuwa fimbo ya kutembelea. Zilimpa kipimo kisichotegemea lafudhi yake.

Kitu cha kuongeza ni hiki: Kiswahili Sanifu chenyewe, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na Kamati ya Lugha kuanzia mwaka 1930, hakikuwa lugha ya mama ya wengi hata huko pwani. Mvuvi wa Wasini mwenye Kivumba chake safi hulazimika kujifunza Sanifu shuleni, kama anavyojifunza mtoto wa Samburu. Tofauti ni ya umbali wa safari, wala si ya kuwapo au kutokuwapo kwa safari.

Miswada na Vitabu

Kuanzia miaka ya mwisho ya ukoloni, miswada ya Mnyampala ilitoka mfululizo. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, ulitoka Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili. Mwaka 1963 ulikuwa wa mavuno: Diwani ya Mnyampala ilitokea, na vilevile Utenzi wa Enjili Takatifu. Mwaka 1965 vilifuata Waadhi wa Ushairi na Utenzi wa Zaburi. Baadhi ya kazi hizi zilitolewa na shirika la Nairobi tulilolitaja, na nyingine na kiwanda cha chapa cha misheni ya Ndanda, kusini mwa Tanganyika.

Utenzi wa Enjili Takatifu unastahili neno lake. Mnyampala alichukua umbo lililokomazwa na wacha Mungu wa Kiislamu wa pwani, akalitumia kusimulia maisha ya Yesu. Hakulivunja umbo hilo, wala hakuomba radhi. Alionyesha kwamba chombo cha fasihi kikishatengenezwa vizuri huweza kubeba shehena ya bandari yoyote.

Aidha, Mnyampala aliongoza chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kinachojulikana kwa ufupi kama UKUTA. Mtu aliyekikuta Kiswahili shuleni akawa mwenyekiti wa chama cha kukisanifu Kiswahili. Wenzake, Waislamu kwa Wakristo, wa pwani kwa wa bara, walikubali kuketi chini ya uongozi wake.

Ngonjera: Shairi Lapanda Jukwaani

Mwezi wa Februari mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na Tanzania ikashika siasa ya ujamaa na kujitegemea. Mwaka 1968 Rais Julius Nyerere alikutana na washairi, akawataka waitumie sanaa yao kulifikisha Azimio kwa wananchi. Nyerere mwenyewe alikuwa Mzanaki aliyejifunza Kiswahili baada ya lugha ya kwao, na tayari mwaka 1963 alikuwa ametoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Kwa hiyo aliyetoa wito na aliyeuitikia kwa bidii kubwa wote wawili walikuwa waandishi wa lugha ya pili.

Jibu la Mnyampala lilikuwa ngonjera. Mashairi ya kujibizana yalikuwapo tangu kale. Malumbano ya washairi wa Mombasa yanajulikana. Alilofanya Mnyampala ni kuliondoa jibizano katika karatasi na kulipa miili ya watu. Katika ngonjera, watu wawili au makundi mawili husimama mbele ya hadhira. Mmoja hana ujuzi wa jambo au analipinga. Mwingine analijua na kulitetea. Hupokezana beti, swali kwa jibu, kwa ishara za mikono na uso, na pengine kwa mavazi yanayowatambulisha. Mwishoni yule mpinzani huelewa, na wote hukubaliana.

Tazama jinsi muundo huu ulivyofaa mazingira yake. Nchi ilikuwa na lugha zaidi ya 100 na watu wengi wasiojua kusoma. Tamthilia ya nathari inadai mwigizaji aseme kama watu wasemavyo, na hapo lafudhi hufichua. Ngonjera haidai hivyo. Mtoto wa Dodoma, wa Bukoba au wa Masasi hukariri beti zilizopimwa, na mizani humshika mkono. Anapozisema, hadhira haisubiri kusikia kabila lake, inasubiri kina. Mnyampala, kwa kujua au kwa silika, alibuni mchezo ambao mwenye lugha ya pili aliweza kuucheza pasipo aibu.

Ngonjera zilienea shuleni, katika sherehe za taifa na katika mikutano. Zilivuka mpaka pia. Katika shule zetu za Kenya ngonjera hufundishwa kuwa aina mojawapo ya ushairi, na wengi tuliosoma huku Kwale tuliwahi kuisimamia tukiwa wadogo, siku ya wazazi, mbele ya viti vya wageni waheshimiwa.

Tathmini

Haitakuwa haki kumsifu Mnyampala bila kumpima. Wahakiki wamesema, na wana hoja, kwamba ngonjera zake huhubiri kuliko zinavyoigiza. Mpinzani hana nguvu. Ameumbwa ili ashindwe. Mgogoro ambao ni roho ya drama hufa kabla ya kukua, maana mwisho wake unajulikana tangu ubeti wa kwanza. Tena, sanaa inayojifunga na siasa ya siku huzeeka pamoja na siasa hiyo. Vijana waliokuja baada yake, akiwamo Euphrase Kezilahabi aliyetoa Kichomi mwaka 1974, waliziacha kanuni za vina na mizani wakatafuta njia nyingine. Kezilahabi naye alikuwa mtu wa kisiwa cha Ukerewe, mwenye lugha nyingine ya mama. Hivyo waliozishika kanuni na waliozivunja wote walikuwamo miongoni mwa wageni wa jana.

Kasoro ya Mnyampala, kwa maoni yetu, haikutokana na Kigogo chake. Ilitokana na uhakika wake kupita kiasi. Alijua jibu kabla ya kuuliza swali. Hili ni onyo kwa anayeandika mswada wa jukwaa au wa filamu leo. Tunapoambiwa kwamba mazungumzo yetu yana harufu ya lugha ya mama, tusikimbilie kuosha kila neno tukadhani tumemaliza kazi. Huenda ugonjwa uko kwingine: wahusika hawataki kitu, hawagombani kwa dhati, wanasema aliyokusudia mtunzi badala ya waliyonayo moyoni. Lugha sanifu haiwezi kumfufua mhusika aliyezaliwa amekufa.

Kifo na Urithi

Mnyampala alifariki dunia mwaka 1969, akiwa na umri wa takriban miaka 52. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, na cha pili mwaka 1971. Hakuwahi kuvishika mkononi. Mtu aliyeifanya ngonjera kuwa neno la kila mwalimu wa Kiswahili hakukiona kitabu chake cha ngonjera.

Mambo hayakuishia hapo. Tawasifu yake, Maisha ni Kugharimia, ilichapishwa mwaka 2013, miaka 44 baada ya kifo chake. Katika muda huo wote mswada ulingoja. Anayelalamika kwamba kazi yake imekaa mezani kwa mhariri miezi sita na aukumbuke mswada huo.

Hitimisho

Ndugu msomaji, tulianza kwa swali: je, mtu aweza kuwapa wahusika ulimi aliouazima? Maisha ya Mnyampala yanaonyesha kwamba anaweza, kwa masharti. Alijifunza kanuni mpaka zikamtii. Alituma kazi, akaendelea kutuma, kwa Nairobi na kwa Ndanda. Alijiunga na wenzake katika chama badala ya kunung'unika peke yake. Na alibuni umbo lililowafaa watu wa aina yake, pasipo kusubiri aruhusiwe na wenye lugha.

Tamasha la drama la shule na vyuo nchini Kenya siku hizi hupokea filamu pia. Mlango mpya umefunguliwa, na wanaobisha hodi wengi wao wanatoka Samburu, Kinango na Lungalunga, sehemu ambazo mtoto huomba madzi kabla ya kujua neno maji. Wahadhiri na waamuzi wanaombwa waendelee kusahihisha, maana asiyesahihishwa hakui. Lakini wakiukuta mswada unaonuka Kiduruma, wauulize kwanza kama wahusika wake wako hai. Wakiwa hai, sarufi itafuata.

Ama mswada ule uliorudi, mwandishi wa makala haya ameufungua tena. Amerekebisha upatanisho wa kisarufi pale palipoharibika. Amemwachia bibi mzee katika onyesho la tatu namna yake ya kusema, kwa sababu ndivyo asemavyo bibi mzee wa Samburu. Mtetezi aliyekuwa akishinda hoja zote sasa anashindwa moja, tena ile anayoipenda zaidi. Mswada umekwisha kutumwa.